Mwanangu ananiita Madam hata tukiwa nyumbani

Shangazi shikamoo.

Hii barua nimeianza mara tatu nafuta, leo nimesema naituma hivyo hivyo ilivyo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro mjini, nina miaka 36, nimeolewa, mume wangu ni dereva wa malori ya kwenda Tunduma kwahiyo anakuja analala siku mbili anaondoka, na tuna mtoto mmoja wa kike wa miaka nane yuko darasa la pili. Sasa shida inaanzia hapo maana hilo darasa la pili ni la kwangu, mimi ndo mwalimu wake wa darasa.

Mwaka ulivyoanza niliona nimepata bahati, tunatoka wote asubuhi, bajaji moja, chai anakunywa namuona, hata wenzangu staff waliniambia wewe umepata. Siku ya kwanza kabisa tulivyofika getini nikamshika bega nikamwambia, ukishaingia hapa mimi sio mama, hapa mimi ni Madam kama kwa wenzio wote, usije ukanililia lilia mbele za watu. Akasema sawa mama. Nikamwambia sawa nani? Akasema sawa Madam. Shangazi hiyo ilikuwa mwezi wa kwanza, saivi ni mwezi wa tano, na tangu siku ile ile mimi sijaitwa mama tena. Sio shuleni tu, hata nyumbani. Tukiwa tunakula ananyoosha kidole kwanza ndo aongee. Ananiambia Madam naomba kwenda chooni, chooni kwetu, mlango uko hapo hapo. Mwezi wa nne alipata homa usiku, nikasikia mtu amesimama pembeni ya kitanda gizani, mwili unawaka moto, ananiambia kwa sauti ndogo, Madam, naumwa.

Nilimpa dawa nikambeba hadi kukakucha ila ndo hivyo, nililia.

Nikwambie na kosa langu maana najua utaniuliza. Mwezi wa tatu tulifanya zoezi la kutoa kwa kukopa, 52 toa 27, yeye akaandika 35, na zote zingine akakosea hivyo hivyo. Darasa lina watoto 94, dawati la watatu wanakaa wanne, na wengi tu walikuwa wamekosea vile vile kama yeye. Sikumchapa mtu. Sasa ilipofika zamu yake akaleta daftari huku ameziba jibu na kiganja, na mwalimu mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni akacheka akasema, mtoto wa mwalimu naye? Sijui nini kilinipata. Nilimtoa mbele nikamchapa viboko viwili vya mkononi, darasa zima kimya, maana nilitaka waone kwamba sipendelei. Hakulia. Alisema asante Madam kama tunavyowafundisha akaenda kukaa.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mimi sikulelewa hivi. Mimi nimezaliwa Muheza, mama yangu alikuwa anauza maandazi, na hela yangu ya UPE, ile ada ya shule ya msingi, ilitoka kwenye yale maandazi hadi ilipofutwa 2001 nikiwa darasa la tano. Mama hakusoma, alienda kisomo cha watu wazima kidogo akaacha, anachojua ni kuandika jina lake. Alfajiri saa kumi anawasha moto nami ananiamsha nikae pale jikoni, na kazi yangu ilikuwa magazeti. Alikuwa ananunua magazeti ya zamani kwa kilo ya kufungia maandazi, sasa kabla hajalichana gazeti ananipa ananiambia hebu nisomee hapa pameandikwa nini. Nasoma mi niko la pili la tatu, maneno mengine siyajui kabisa nabuni tu, naweka ya kwangu, simba ameingia bungeni, vitu vya namna hiyo, na mama anageuza maandazi anasema eheee, ikawaje? Kuna magazeti alikuwa hayachani mpaka nimalize, mteja anasubiri anamwambia ngoja mwanangu amalize. Mi nafikiri ualimu wangu ulianzia pale kwenye moshi.

Sasa mimi mwenye diploma nimeshindwa kuwa kama yeye. Kuna kingine. Mtoto huyu nilimuacha ana miezi mitatu hata hajatimiza, siku 84 za likizo ya uzazi zikaisha nikarudi darasani, nilikuwa kituo cha mbali wakati huo, nasimama mbele ya darasa la tano blauzi imelowa maziwa nafunika na kitabu. Alivyoanza kuongea neno mama alimuita dada wa kazi. Dada aliondoka, nikasema sasa ndo muda wangu, kumbe nao nimeuchezea mwenyewe.

Na wiki iliyopita nikamsikia anaongea na bibi yake kwenye simu, hao wanaweza kuongea hadi salio linaisha, anamsimulia vitu ambavyo mimi hata kimoja hanisimuliagi, nani kang'oka jino, nani kaleta embe na pilipili. Nikawa napita koridoni nikasikia anasema, bibi, Madam alinichapa, ila mama sijamwambia.

Shangazi nifanyeje? Nimhamishe shule? Niache kumfundisha? Au ndo nimeshamuharibu mtoto?

Mama wa Mmoja, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma usiku nikaiweka, asubuhi nimeisoma tena nikiwa na chai, na mara zote mbili nimesimama pale pale, kwenye yale maneno aliyomwambia bibi yake, Madam alinichapa ila mama sijamwambia. Wewe umeyaandika kama ndo ushahidi wa mwisho wa kukuhukumu. Mi nimeyasoma nikashusha pumzi. Mwanangu, huyo mtoto amesema mama sijamwambia, ina maana mama yupo. Anamjua, anamuweka pembeni kabisa na yule mwingine mwenye fimbo, na kuna habari ambayo bado hajampa. Angekuwa amekupoteza angesema mama alinichapa, basi, imeisha. Huyu amewagawa wawili kama ulivyomwambia mwenyewe pale getini, tena amefuata maagizo yako kwa uaminifu kuliko ulivyotegemea, na huyu wa pili anamsubiri arudi nyumbani ili amwambie. Sasa wewe kazi yako ni kurudi ukaambiwe.

Ila ngoja kwanza tumalizane na zile fimbo, maana sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe ni mwalimu, unajua kwamba kanuni ya viboko ya mwaka 2002 inasema anayechapa ni mwalimu mkuu au yule aliyempa ruhusa kwa maandishi, visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu, na ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kukosea hesabu sio kosa la nidhamu kwa mtoto yeyote kati ya hao 94. Na viboko vyako viwili nadhani havikuandikwa popote, vimeandikwa kwa huyo mtoto. Ulimchapa kwa sababu ya mtu mzima aliyesimama mlangoni. Hilo unalijua, umelisema mwenyewe, sitalirudia.

Tena hebu tuangalie hiyo 35 yake kama walimu wawili. Mtoto anayeandika 52 toa 27 ni 35 hajazembea hata kidogo. Kaangalia mamoja akaona 2 na 7, na tangu darasa la kwanza tunamwambia kidogo ndo kinatoka kwenye kikubwa, basi akatoa 2 kwenye 7 akapata 5, akaenda kwenye makumi, 5 toa 2 ni 3. Kafuata kanuni tuliyompa sisi hadi mwisho. Ukiona wengi wamekosea vile vile jua somo halijafika, rudi na vijiti. Mafungu matano ya kumi kumi yaliyofungwa na raba bendi, na vijiti viwili pembeni, umwambie nipe saba. Ataona viwili havitoshi, atakuangalia, alafu mwenyewe atafungua fungu moja bila kuambiwa neno kukopa, atakuwa na 12, atatoa 7 zitabaki 5, mafungu yatakuwa manne, atatoa mawili yatabaki mawili. 25. Enzi zetu tulitumia vizibo vya soda kwenye vifuko. Fanya hivyo kesho na darasa zima, shuleni, saa ya hesabu. Nyumbani usiguse hiyo mada.

Nikwambie kwanini nasema usiguse. Mimi nimefundisha kuanzia 1977, ni wale tuliochukuliwa tumemaliza la saba tu, maana Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeshasema watoto wote waingie shule na walimu hawakuwepo, tukawa tunafundishwa huku tunafundisha. Nina mtoto wa kiume, na mwaka 1991 nilimfundisha mwenyewe darasa la tatu kama wewe. Sikumchapa kihivyo ila nilikuwa na neno langu moja, nyumbani na shuleni, jikoni na ubaoni, umekosea wapi? Ameangusha sahani, umekosea wapi. Kapata 80, naacha 80 naenda kwenye zile 20, hapa umekosea wapi. Na mimi nilijiona mama mzuri kabisa maana sikuwa nafoka, nilikuwa nauliza kwa upole. Na yeye alikuwa anafanya hivyo hivyo unavyoniandikia, analeta daftari ameziba na kiganja. Uliposema hicho kiganja mkono wangu umeganda na kikombe.

Mwaka juzi huyo kijana wangu, mtu mzima ana watoto watatu, alipunguzwa kazi. Mimi nilikuja kujua baada ya miezi saba, tena kwa mkewe. Miezi saba anavaa asubuhi anatoka, akija kunisalimia naye ananiambia kazini kwema mama. Nilipomuuliza kwanini hukuniambia, hakukasirika, alinijibu taratibu tu, nilijua utaniuliza nimekosea wapi.

Hiyo ndo sababu nimekujibu wewe kwanza wakati barua ziko nyingi. Wewe wako ana miaka nane.

Sasa mama yako. Mwanangu, wewe umeandika kwamba umeshindwa kuwa kama yeye ukiwa na diploma, mi naona diploma ndo inayokukwaza pale jikoni, sio kwamba elimu mbaya, hapana, nisomwe vizuri. Miaka ile tukishafundisha watoto asubuhi jioni tulikuwa tunafundisha kisomo cha watu wazima, kisomo chenye manufaa tulikiita, na wamama kama mama yako nimewafundisha wengi, wanakuja na mtoto mgongoni, mkono umekauka na jembe, chaki inawakatikia. Kuna mmoja alikuja miezi michache tu, siku aliyoweza kusoma jina la mwanae juu ya daftari hakurudi tena, nikamfuata nyumbani akaniambia mwalimu nimepata nilichokuja kutafuta. Mi nilimlaumu kwa miaka mingi. Siku hizi simlaumu.

Mama yako pale kwenye moshi hakuwa na jibu la kukusahihisha. Wewe unasoma simba ameingia bungeni, na yeye anasema eheee, ikawaje? Angekuwa anajua kusoma angekwambia hapana, rudia hilo neno. Na wewe ungeanza kuziba gazeti na kiganja. Alikuwa anataka kukusikia, basi, na mteja akasubiri. Huyo mtoto wako naye kamtafuta mtu wa hivyo hivyo, kampata kwenye simu Muheza, ni yule yule mama wa maandazi. Kwahiyo usimuonee wivu bibi, anakushikia nafasi.

Unauliza umhamishe shule. Usimhamishe, atadhani kafukuzwa kwa ile 35. Nenda kwa mwalimu mkuu wako wiki hii, muombe mtoto aende mkondo mwingine wa la pili kama upo, au wewe ubadilishane na mwenzio darasa hata kuanzia muhula wa pili, ni jambo la kawaida na hakuna mkuu mwenye moyo atakayekukatalia ukimueleza kama ulivyonieleza mimi. Kama mkondo ni mmoja na haiwezekani, basi akusaidie mwenzio kusahihisha daftari la huyo mmoja, na kwenye hesabu yeye aitwe na mwingine. Na lile agizo la getini ulifute pale pale getini, kwa mdomo wako, usidhani litajifuta. Mwambie, nilikwambia hapa mimi sio mama, nilikosea, mimi ni mama hapa na kule na kila mahali, ukinihitaji niite. Wanafunzi wengine wakisikia anakuita mama hawatakufa, wanajua siku nyingi kwamba ni mwanao, wanaona hata mnavyofanana.

Na akiendelea kukuita Madam wiki mbili tatu usimrekebishe. Hilo nakusisitiza maana najua mkono wako wa kalamu nyekundu. Ukianza kumwambia usiseme Madam sema mama, umeshamsahihisha tena. Wewe itika tu kama mama anavyoitika.

Alafu jambo la zile fimbo. Usimuendee ghafla na msamaha mrefu wa machozi, atashtuka atakubembeleza yeye wewe, na mtoto wa miaka nane hapaswi kubeba hiyo. Anza na jikoni. Wakati baba yake yuko safarini na nyie mko wawili, shika kitu cha mikono, sukuma chapati, chambua mchele, chochote kinachofanya macho yako yasiwe kwake, maana watoto wanaongea vizuri ukiwa huwaangalii. Mwambie nisimulie ya leo. Siku ya kwanza atakupa moja, nimekula, nimecheza. Sema eheee. Usiulize amepata ngapi. Kuna siku, itakuwa mwezi au miwili sijui, atakwambia Madam alinichapa. Atakwambia kama anamsema mtu mwingine ambaye humjui. Mwanangu hapo ndo patamu na ndo pagumu, usimtetee Madam. Usiseme lakini Madam alikuwa na watoto wengi, lakini Madam alichoka. Muulize iliuma? Alafu ikawaje? Mwache amseme Madam mpaka amalize. Akishamaliza, hapo sasa, kwa sauti ya kawaida, umwambie Madam alikosea, na mimi mama yako naomba unisamehe. Ataelewa mwenyewe jinsi hao watu wawili wanavyoungana, na kama hajaelewa siku hiyo hiyo usimfafanulie.

Hilo la dada wa kazi kuitwa mama na blauzi kulowa maziwa naona unalibeba kama deni. Weka chini. Ulirudi kazini kwa sababu likizo iliisha na mtoto alihitaji kula, na mtoto aliita mama yule aliyekuwepo saa hiyo, ni akili yake nzuri. Nawaambia tu wanangu wengine wenye watoto wachanga wanaosoma hapa, sheria ya ajira ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi, kaombeni kwa wakuu wenu, msisimame mkifunika kifua na kitabu kama huyu mwenzenu.

Likizo ya Juni hiyo inakuja. Mkiweza nendeni Muheza wote wawili, sio umpeleke mtoto umuache, wote wawili. Amkeni saa kumi na mama yako kama bado anakaanga, na kama hakaangi muombe akaange siku moja. Tafuta gazeti la zamani, mpe mtoto, alafu wewe kaa upande wa bibi, wa wasikilizaji, mdomo umefunga. Akisoma vibaya usigeuke.

Muhula wa pili ukishaanza niandikie tena. Usinitajie amepata ngapi kwenye mtihani wa Juni, nitajie tu kakusimulia nini.

Shangazi